Jicho la Msimamizi Ndani ya Kerneli

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Testi zilifuatana kama mabehewa ya treni, ila sasa nimepumua. Leo nawaletea historia. Najua washkaji zangu wanaosoma Historia wameshanuna, kwamba huyu mtu wa Elimu, Hisabati na Kompyuta anaingilia shamba la watu. Tulieni. Sileti Mkutano wa Berlin wala Vita vya Maji Maji. Naleta historia ya kitu kidogo sana: mistari mitatu minne ya programu inayoonekana na kutoweka kwa amri ya mtu. Ni midogo, lakini imewakosesha usingizi wahandisi wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 50, na swali lililo ndani yake linatuhusu hata sisi walimu watarajiwa. Swali ni hili: ukitaka kukagua kazi, je, mkaguzi abaki hadi mwisho, au aondoke kazi halisi ikianza?

Tuanze na maana, ili hata mtu wa Kiswahili na Jiografia twende naye.

Kila kompyuta, na kila simu uliyoshika mkononi, ina programu moja kubwa inayotawala nyingine zote. Ndiyo kiini cha mfumo endeshi, wenyewe wanaiita kerneli. Kerneli ndiyo inagawa kumbukumbu, inapanga nani atumie prosesa na kwa muda gani, inaongea na diski na mtandao. Programu ya kawaida ikikosea, inajifunga yenyewe, unaifungua tena. Kerneli ikikosea, mashine nzima inalala, na kazi yako uliyokuwa hujaihifadhi inalala nayo.

Ndani ya kerneli taarifa hutunzwa kwenye miundo. Muundo ufikirie kama fomu ya kuomba bweni: ina nafasi ya jina, nafasi ya namba ya usajili, nafasi ya mwaka wa masomo. Kila nafasi ya kujaza huitwa uga, zikiwa nyingi ni nyuga. Sasa mwandishi wa kerneli anaweza kusema: nikiwa nasaka kasoro, fomu hii iwe na uga mmoja zaidi wa ukaguzi, nikimaliza, uga huo usiwepo kabisa, usile hata baiti moja. Anaandika hivi (majina nimeyaweka ya Kiswahili ili tuelewane):

struct kufuli {
    int hali;
#ifdef UKAGUZI
    int alama;
#endif
};

Mstari wenye alama ya reli na neno ifdef ni sharti. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine, kabla haijaanza kazi inauliza: je, UKAGUZI umewashwa? Kama ndiyo, uga wa alama unaingia. Kama hapana, mistari ile inafutwa kama haikuandikwa kamwe. Mtu mmoja, faili moja, fomu mbili tofauti. Hapo ndipo utamu ulipo, na balaa lilipo.

Jambo hili lilianzia wapi? Twende Marekani, Bell Labs. Mwaka 1969 Ken Thompson na mwenzake Dennis Ritchie walianza kujenga mfumo wa Unix kwenye mashine ya PDP-7. Baadaye walihamia PDP-11, na mashine yao ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 24,000 na kidogo. Kati ya hizo, kama 16,000 zilichukuliwa na mfumo wenyewe, na 8,000 zikabaki kwa programu za watumiaji. Wadau, picha moja ya simu yako leo inazidi kumbukumbu yote hiyo mara mia na zaidi. Kwenye nyumba finyu namna ile, huwezi kumweka mkaguzi akae bure sebuleni.

Ritchie akatengeneza lugha ya C. Kwenye miaka ya 1972 na 1973 lugha hiyo ikapata kichakato cha awali, kile kinachosoma mistari yenye alama ya reli. Mwanzoni kilijua mambo mawili tu: kuingiza faili jingine, na kubadilisha neno moja kwa jingine. Muda mfupi baadaye Mike Lesk na kisha John Reiser wakakipanua, kikaweza kushika makro zenye vigezo na masharti ya kukompaili. Mwaka 1973 kerneli ya Unix ikaandikwa upya kwa C. Kuanzia hapo, mtu yeyote aliyeandika kerneli kwa C alikuwa na wembe mkononi: hiki kiingie, hiki kikatwe.

Na wembe ukizoeleka, kila kitu kinakatwa. Kufikia mwaka 1992 Henry Spencer na Geoff Collyer waliandika makala kwenye mkutano wa USENIX kuonya juu ya ifdef, wakitumia uzoefu wao wa kusambaza programu ya C News kwenye mashine za kila aina. Ujumbe wao kwa kifupi: masharti yakitawanyika kila kona, programu haisomeki tena, na asiyeweza kuisoma hawezi kuitengeneza.

Hapa naomba nitumie Hisabati yangu kidogo, isije ikaozea daftarini. Sharti moja la kuwasha au kuzima linakupa programu mbili. Masharti mawili yasiyotegemeana yanakupa nne. Kumi yanakupa 1,024. Ishirini yanakupa 1,048,576. Nani atazijaribu zote? Hakuna. Kwa hiyo kila ukiongeza uga wa ukaguzi kwa sharti jipya, unaongeza pia programu ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuziwasha. Mkaguzi aliyekuja kupunguza kasoro anaweza kuzileta mlangoni.

Sasa tuhamie Finland. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alitangaza kwamba anajenga mfumo endeshi wake kama burudani. Ndiyo Linux. Mwaka 1996 toleo la 2.0 likaweza kutumia prosesa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Prosesa zikiwa mbili, zinaweza kugombea kitu kimoja kama wanafunzi wawili wanaogombea desa moja usiku wa kuamkia mtihani. Dawa yake ni kufuli. Aina mojawapo inaitwa spinloki: prosesa ikikuta kufuli limefungwa, haiendi kulala, inazunguka palepale ikiuliza, limefunguliwa? limefunguliwa? mpaka lifunguliwe.

Fuatilia hapa taratibu. Kwenye mashine yenye prosesa moja hakuna wa kugombana naye, hivyo Linux ikaamua spinloki iwe muundo mtupu, hauna uga hata mmoja. Lakini matoleo ya zamani ya kompaila ya GCC yalikuwa na kasoro, muundo mtupu yalikuwa yanaushughulikia vibaya. Ikabidi waweke uga wa uongo usio na kazi yoyote, na wakaupa jina gcc_is_buggy, yaani GCC ina kasoro. Wahandisi nao wana kejeli zao jamani!

Tatizo kubwa lilikuwa jingine. Miaka ile ya tisini kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na prosesa moja. Mwandishi anakaa kwake, anasahau kuliandaa kufuli kabla ya kulitumia, anajaribu programu, inakwenda safi kabisa. Kwake kufuli ni hewa, halipo. Kisha programu inafika kwenye seva ya mtu mwingine yenye prosesa nne, usiku wa manane, mashine inaganda. Aliyekosea amelala fofofo, anayeumia ni mwingine.

Ndipo uga wa ukaguzi ulipopata heshima. Kwenye Linux ya 2.4, iliyotoka Januari 2001, spinloki ya mashine za Intel za biti 32 ilikuwa na uga mmoja wa hali ya kufuli, baiti 4. Ukiwasha ukaguzi, uliongezeka uga wa pili wa baiti 4, unaobeba namba maalumu: 0xdead4ead. Namba hii iliwekwa pale kufuli linapoandaliwa. Kila kufuli likiguswa, kerneli inatazama: namba ipo? Kama haipo, basi ama mtu hakuliandaa, ama kuna programu imeandika takataka juu yake. Kerneli inapiga kelele palepale na kuonyesha mahali. Ni kama muhuri kwenye cheti: hauongezi maksi, ila unaonyesha cheti si cha kughushi.

Lakini uga unaotokea na kutoweka una adabu zake. Ya kwanza ni kwenye kuuandaa. Kama fomu ina nyuga mbili, unaandika thamani mbili zilizotenganishwa na mkato. Kama ina uga mmoja, unaandika moja. Je, mkato unaumweka wapi? Ukiuacha nje, utalazimika kuweka ifdef kila mahali panapoandaliwa kufuli, na ni mamia ya mahali. Wakaufanyia ujanja: mkato ukaingizwa ndani ya makro yenyewe. Ukaguzi ukiwashwa, makro inakuwa mkato pamoja na namba ya muhuri. Ukizimwa, makro inakuwa tupu, mkato nao unaondoka nayo. Miaka iliyofuata walihamia njia safi zaidi, ya kuandaa kila uga kwa kuutaja jina lake.

Adabu ya pili ndiyo imebaki kwenye miongozo ya Linux mpaka leo: ifdef isitapakae katikati ya kazi. Iweke sehemu moja, kwenye faili la heda, na utengeneze pale kazi mbili zenye jina moja. Ukaguzi ukiwashwa, jina hilo linafanya kazi. Ukizimwa, linaita kitu kitupu na kompaila inakifuta. Kwa hiyo anayesoma msimbo wa kawaida haoni sharti lolote, anaona jina tu. Uchafu haukuisha, ila umewekwa kwenye ndoo moja yenye mfuniko.

Adabu ya tatu ilijifunzwa kwa maumivu. Kerneli ya Linux hupokea vipande vinavyoongezwa baadaye, vinaitwa moduli, kwa mfano ya kadi ya mtandao. Tuseme kerneli imekompailiwa bila ukaguzi, spinloki ni baiti 4, na uga unaofuata kwenye muundo unaanzia baiti ya 4. Moduli imekompailiwa na mtu mwingine aliyewasha ukaguzi. Kwake spinloki ni baiti 8, uga unaofuata unaanzia baiti ya 8. Moduli ikiingia kerneli, kila mmoja anasoma fomu ileile kwa karatasi tofauti. Huyu anadhani ni namba ya usajili, kumbe ni jina la baba. Hakuna ujumbe wa kosa. Kinachofuata ni data kuharibika kimyakimya.

Dawa ilikuwa kuweka alama za utambulisho. Kila kazi ambayo kerneli inawapa moduli ilipewa namba iliyokokotolewa kutokana na maelezo yake pamoja na miundo inayoitumia. Uga ukiongezeka, namba inabadilika, na moduli ya zamani inakataliwa mlangoni. Kwenye familia ya 2.6, iliyoanza Desemba 2003, moduli ilibeba pia maandishi yanayotaja toleo la kerneli na baadhi ya chaguo kubwa zilizotumika kuijenga. Afadhali mgeni akataliwe getini kuliko kuingia na kubomoa nyumba.

Mpaka hapo ni mambo ya ufundi. Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe, na hapa wenzangu wa Elimu mtanielewa haraka kuliko watu wa kompyuta.

Wote tunajua mazoezi ya kufundisha yalivyo. Msimamizi akikaa nyuma ya darasa na karatasi yake, darasa linakuwa jingine. Wanafunzi watundu wanakuwa malaika, mwalimu anaandika ubaoni kwa mwandiko ambao hata mama yake hajawahi kuuona, zana za kufundishia zinatoka kwenye mkoba kama harusi. Msimamizi anaandika alichoona. Alichoona ni kweli, lakini ni darasa lenye msimamizi ndani yake, si darasa la Jumatatu ijayo.

Kerneli nayo ni hivyohivyo. Ukiongeza uga, muundo unanenepa. Vitu vilivyokuwa jirani kwenye kumbukumbu vinaachana. Ukaguzi wenyewe unakula muda, hivyo prosesa zilizokuwa zikigongana sasa zinapishana. Kasoro inatoweka. Ukizima ukaguzi, inarudi. Jim Gray, kwenye ripoti yake ya mwaka 1985 kuhusu sababu za kompyuta kusimama, aliziita kasoro za namna hii Heisenbug, akichezea jina la mwanafizikia Heisenberg. Kwa hiyo uga unaowekwa kwa sharti una ulemavu wa kuzaliwa: unakagua programu moja, lakini inayokwenda kwa watumiaji ni nyingine.

Watu waligawanyika. C. A. R. Hoare, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1973 alikosoa desturi ya kuwasha ukaguzi wakati wa majaribio na kuuzima wakati wa kazi halisi, akaifananisha na baharia anayevaa jaketi la kuokolea akifanya mazoezi nchi kavu, na kulivua akiingia baharini. Upande wa pili wakajibu: jaketi ni zito, chombo hakitaondoka. Na kweli lilikuwa zito.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua haukutokea duniani, ulitokea Mars. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder cha NASA kilitua huko. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Ilikuwa ikitumia mfumo endeshi wa VxWorks. Kazi ndogo ya kukusanya taarifa za hali ya hewa ilikuwa inashika kufuli, kazi ya umuhimu wa kati inaikatiza, na kazi kubwa iliyokuwa ikilisubiri kufuli lile inachelewa mpaka mlinzi wa mfumo anaamua kuwasha upya kila kitu. Utamtumaje fundi Mars? Lakini timu ya programu, ikiongozwa na Glenn Reeves, ilikuwa imeacha vifaa vya ukaguzi ndani ya programu iliyoruka, kwa makusudi, kwa sababu waliamini unachokijaribu ndicho unachokirusha. Wakawasha ufuatiliaji kwenye mashine pacha maabara, Duniani, wakaiendesha mpaka kasoro ileile ikatokea, wakaona mlolongo wote. Kisha wakatuma marekebisho angani: kufuli lile liwe linampandisha cheo kwa muda yule anayelishika. Tatizo likaisha. Wangekuwa wamevua jaketi, programu ya maabara isingekuwa ileile ya Mars, na wangebaki kubahatisha.

Je, wengine walifanyaje? Microsoft walikuwa na njia ya nyumba mbili: Windows ya kawaida kwa watu, na Windows nyingine iliyojaa ukaguzi kwa waandishi wa madereva ya vifaa. Waliiacha njia hiyo ilipofika Windows 10 toleo la 1803, mwaka 2018. FreeBSD wao huwasha ukaguzi mzito kwenye tawi la maendeleo, kisha huuzima kwenye toleo la kusambaza. Torvalds alikuwa mgumu zaidi: Septemba 2000 alikataa kuingiza kitibua kasoro ndani ya kerneli, akiamini mtu anapaswa kuusoma msimbo na kufikiri, asikimbilie kuziba dalili. Msimamo ukalegea polepole. Kifaa cha KGDB kiliingia toleo la 2.6.26, Julai 2008.

Kabla ya hapo, Septemba 2006, toleo la 2.6.18 lilileta lockdep, kazi ya Ingo Molnár na Arjan van de Ven. Hii ni akili nyingine kabisa. Badala ya kusubiri mashine ikwame, inakumbuka mpangilio: jana ulishika kufuli A kisha B, leo unashika B kisha A. Inakwambia palepale kwamba siku moja mtakwama mkingojeana, hata kama leo hamjakwama. Lakini gharama yake ni kwamba kila kufuli linabeba muundo mzima wa ziada. Ndiyo maana Fedora na Red Hat hutoa kerneli ya ukaguzi kando na ya kawaida. Tumerudi kwenye nyumba mbili.

Wakati huohuo kulikuwa na wazo lililokuwa likikua pembeni: badala ya kuamua wakati wa kukompaili, tuamue wakati mashine inawaka, au hata ikiwa imeshawaka. Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun alieleza mwaka 1994 mgawaji wa kumbukumbu wa Solaris wenye ukaguzi ndani yake. Kumbukumbu iliyoachwa ilijazwa namba 0xdeadbeef, ili atakayeigusa tena akamatwe. Solaris 10, Januari 2005, ikaja na DTrace: vituo vya kuchungulia maelfu kwa maelfu ndani ya kerneli inayofanya kazi, ambavyo vikizimwa karibu havina uzito. Linux nayo ikapata mgawaji wa SLUB kwenye 2.6.22, Julai 2007. Ukitaka ukaguzi, unaandika neno moja mashine inapowaka, hukompaili chochote.

Hatua iliyonifurahisha zaidi ni ya page_ext. Linux inagawa kumbukumbu kwenye kurasa za baiti 4,096, na kila ukurasa una fomu yake, kwa kawaida baiti 64 kwenye mashine za biti 64. Gigabaiti moja ina kurasa 262,144, kwa hiyo fomu peke yake zinakula megabaiti 16. Ukiongeza uga mmoja wa baiti 8, unakula megabaiti 2 zaidi kwa kila gigabaiti. Seva ya gigabaiti 256 inapoteza megabaiti 512 kwa uga mmoja! Ndiyo maana kifaa cha kufuatilia nani ameshika ukurasa gani kilikaa nje ya kerneli kuu kwa miaka. Mwishoni mwa 2014 mhandisi Joonsoo Kim akaleta dawa, ikaingia toleo la 3.19 la Februari 2015: nyuga za ukaguzi zitoke kwenye fomu, ziwe kwenye daftari la pembeni, linalofunguliwa mashine ikiwaka kama ukaguzi umeombwa, la sivyo halifunguliwi. Hoja yake ilikuwa kwamba kukompaili upya kunawakatisha watu tamaa, kuna moduli za nje zinazokuzuia, na kunenepesha muundo unaotumika kila kona kunabadilisha tabia ya mfumo unaotaka kuukagua. Msimamizi katolewa darasani, kawekwa dirishani.

Njia ileile ya daftari la pembeni ndiyo inayotumiwa na KASAN, iliyoingia toleo la 4.0, Aprili 2015. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu kuna baiti 1 ya kivuli inayosema ni halali kuigusa au la. Lakini bado ni nzito kwa mashine ya kazi. Kisha Aprili 2021, toleo la 5.12, ikaja KFENCE. Hii haikagui kila kitu. Inachukua sampuli, mara mojamoja, kwa wepesi kiasi kwamba inaweza kuachwa imewashwa kwenye mashine halisi zinazohudumia watu. Mashine moja haitakamata mengi, ila mashine nyingi kwa pamoja, kwa muda mrefu, zinakamata kasoro ambazo maabara haikuziona kamwe.

Nyuga za masharti hazijafa. Fungua kerneli ya leo, spinloki bado ina muhuri wake na jina la mwenye kufuli, chini ya sharti la CONFIG_DEBUG_SPINLOCK, na namba ni ileile 0xdead4ead. Lakini ukisoma historia hii kwa mfululizo, mwelekeo wake hauna ubishi: mwanzo mkaguzi alifukuzwa kwa sababu nyumba ilikuwa finyu, halafu akakaribishwa kwa vipindi, mwishowe watu wakagundua kazi yao si kuchagua kati ya mkaguzi na mwendo, ni kumtengeneza mkaguzi mwepesi wa kutosha kubaki.

Msimamo wangu ndiyo huo. Ukaguzi unaozimwa siku ya kazi halisi ni nusu ya ukaguzi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na sisi tutakaoingia madarasani tuuchukue hivyohivyo. Ziara ya msimamizi mara mbili kwa muhula ni ile ifdef: darasa la siku hiyo si darasa la siku nyingine. Zoezi dogo la dakika tano kila kipindi, swali moja mlangoni mtoto akitoka, daftari la pembeni la mwalimu mwenyewe, hiyo ndiyo sampuli inayobaki imewashwa mwaka mzima, na haimtishi mtu.

Wa Historia semeni kama nimewaharibia shamba, na wa kompyuta mje mnibishie kuhusu uzito wa jaketi. Mimi narudi kwenye asainmenti ya Saikolojia ya Elimu, inatakiwa Ijumaa. Tukutane kantini.